Sashe ya muhogo na sambaza wa Kadutu: uchambuzi wa kisa

Saa kumi na moja jioni, pembeni mwa soko la Kadutu, mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, alipokea kwa furaha sashe kumi tulizompelekea bure, mifuko tuliyotengeneza kwa wanga wa muhogo. Zilikuwa nyeupe zenye kupitisha mwanga, laini mkononi, hazina harufu. Mteja wa kwanza alipimiwa gobele (vikombe vya kupimia) mbili za sambaza wabichi, akalipa, akaanza kupanda kuelekea Nyamugo. Hakufika mbali. Kitako cha sashe kililegea, kikavutika kama uji uliopoa, na samaki wote wakamwagika kwenye matope. Akarudi amekasirika. Muuzaji akampimia wengine, akawatia ndani ya sashe nyeusi ya kila siku, kisha akatugeukia: "Mwalimu, hii yenu inaoza mbele ya saa."

Ninafundisha kemia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na sijasikia tathmini fupi na sahihi kuliko hiyo. Kila mwaka vijana wananijia na video ya mtu anayechemsha wanga wa muhogo, anaumwaga kwenye sinia na kubandua karatasi inayong'aa. Video zote zinaishia pale inapobanduka. Kisa hiki kinaanzia hapohapo.

Waliohusika

Kulikuwa na mama mmoja wa Kadutu ambaye mtaani wanamwita Mama Bunga, kwa sababu ndiyo biashara yake: ananunua mihogo mibichi inayoshuka kutoka Walungu na Kabare, anamenya, analoweka, anaanika, anasaga, anauza unga. Kila siku ya kumenya anabaki na maganda ya kujaza gunia moja au mawili. Mtoto wa dada yake, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, anaishi kwake na anasoma kemia. Nyumba yao iko chini ya mteremko. Mvua ikinyesha, mfereji unaoziba kwa sashe na chupa unageuza maji na kuyaingiza sebuleni. Kinachopita hapo kinaingia mto Kahuwa, Kahuwa unakitoa ziwani, na ziwa Kivu linakisukuma kwenye mlango wa mto Ruzizi, mpaka bwawa la Ruzizi I ambako takataka zinajikusanya mbele ya mitambo ya umeme. Watu wa Bukavu hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Umeme unakatika, na sababu tunaijua kwa macho.

Kijana alimwambia mama yake mdogo kwamba yale maganda ni pesa iliyolala. Mama Bunga hakumkatalia, alisema tu, "Nenda kwanza umuulize mwalimu wako." Nikakubali kusaidia. Niseme mapema kwamba makosa mawili makubwa ya kazi hii yalipita mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyepaswa kuyaona kabla ya wao.

Tulivyofanya

Tulianza Julai, kiangazi kikiwa kikali. Tulikwangua ganda la nje la kahawia, tukabaki na lile nene jeupe la ndani. Tuliliparua, tukalikoroga kwenye maji, tukakamua kwa kitambaa, tukaacha maji yatulie kwenye beseni kwa saa tatu. Chini palibaki tabaka jeupe: wanga. Tuliuosha mara mbili zaidi.

Kazi ya kuparua tuliifanyia nje, na kwa hilo sikukubali mjadala. Maganda ya muhogo yana linamarini, kemikali inayozaa sumu, nyingi kuliko nyama yake. Ukiyaparua, kimeng'enya kilichomo ndani ya ganda lenyewe kinaivunja linamarini na kutoa sianidi ya haidrojeni, gesi inayoruka hata kwenye joto la kawaida. Maji ya kwanza ya kukamulia hayapewi mifugo wala hayamwagwi karibu na kisima. Katika nchi ambayo konzo imepooza miguu ya watoto kwa sababu ya muhogo usiolowekwa vizuri, mtu anayefundisha kazi ya maganda bila kusema hili anafanya vibaya.

Kipimo chetu kilikuwa gramu 50 za wanga mkavu kwa lita moja ya maji, gramu 15 za gliserini ya duka la dawa, ile ile watu wanayojipaka mikononi, na kijiko cha siki. Tuliweka sufuria kwenye mbabula, jiko la makaa, tukakoroga. Hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini hilo halina madhara kwa sababu wanga wa muhogo unaanza kuvimba na kupasuka kabla ya nyuzi 70. Maji meupe kama maziwa yanageuka ghafla kuwa uji unaopitisha mwanga. Tuliumwaga juu ya vioo vya dirisha la zamani, tukavianika. Siku ya pili jioni ilibanduka karatasi safi. Mama Bunga aliiinua juani na kuitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kijana alikuwa tayari amekwisha hesabu kichwani sashe elfu.

Mwishoni mwa Agosti karatasi za kwanza, zilizokuwa zimekunjwa kabatini, zilikuwa zikivunjika kwenye mikunjo. Septemba mvua ziliporudi, karatasi mpya zilikuwa laini kupita kiasi, zikashikamana, na zile zilizochukua siku nne kukauka ziliota ukungu zikiwa bado juu ya kioo. Oktoba ndipo tukaenda kwa mama wa sambaza.

Maji

Shida zote tatu, kuvunjika, kushikamana na kumwagika kwa samaki, zina sababu moja yenye nyuso tofauti.

Wanga umejengwa kwa minyororo ya sukari: amilosi iliyonyooka na amilopektini yenye matawi mengi. Kila pete ya sukari ina vikono vya oksijeni na haidrojeni ambavyo vinapenda kushikana, ama na mnyororo wa jirani, ama na maji. Ukipika, maji yanaingia kati na kuitenganisha minyororo. Ukikausha, minyororo inashikana yenyewe na unapata karatasi. Gliserini inakaa katikati yake ili iteleze. Bila gliserini unapata kitu kinachovunjika kama kaki. Ila na gliserini nayo ina vikono vilevile vinavyopenda maji. Kadiri unavyoiongeza ili karatasi iwe laini, ndivyo karatasi inavyofyonza unyevu wa hewa.

Basi wakati wa kiangazi unyevu ulitoka, minyororo ya amilosi ikasogeleana na kujipanga upya, karatasi ikakakamaa. Mama Bunga alilielewa hili kabla sijamaliza sentensi: bugali uliolala usiku haufanani na bugali wa jana jioni. Ni kitu hichohicho. Masika yalipoingia, unyevu ukarudi kwa wingi na karatasi ikalegea. Na sambaza ni samaki anayeuzwa akiwa bado na maji ya ziwa.

Nilimwambia kijana atie kipande cha karatasi yetu kwenye glasi ya maji na kipande cha sashe nyeusi kwenye glasi ya pili. Baada ya saa moja cha kwetu kilikuwa kimevimba. Asubuhi hakikuinulika. Kile cheusi kilikuwa kilekile, kinaelea. Polietilini ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni peke yake, hauna kikono ambacho maji yanaweza kukishika. Bakteria na kuvu wa udongoni wanakula kwa vimeng'enya vinavyosafiri ndani ya maji. Kitu kinachoyakataa maji kinawakataa na wao. Ile sifa inayoifanya sashe nyeusi ibebe samaki mpaka nyumbani ndiyo hiyohiyo inayoifanya ikae kwenye Kahuwa miaka na miaka. Sisi tulikuwa tumeomba kitu kimoja kikatae maji sokoni na kiyakubali mferejini, na kati ya soko na mfereji kuna dakika kumi tu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa kwenye swali lenyewe, kabla hatujawasha mbabula.

Tulijaribu kupaka nta ya nyuki. Karatasi iliyonyooka ilistahimili matone vizuri, lakini sashe ni lazima ikunjwe, na nta ilipasuka kwenye kila mkunjo.

Kijana aliuliza kama tusingenunua punje za PLA. Zinatokana na asidi ya maziwa inayochachushwa kutoka kwenye sukari au wanga wa mahindi, zinakataa maji vizuri na zinaitwa plastiki inayooza. Ni kweli inaoza, lakini kwenye lundo la mboji la kiwanda lenye joto la nyuzi 58 hivi kwa wiki nyingi. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana nyuzi 24 hivi. PLA ikitupwa Kahuwa itafika bwawani kama nyingine. Iko familia ya plastiki za PHA, ambayo bakteria wenyewe wanaitengeneza kama akiba ya chakula. Mfaransa Maurice Lemoigne aliigundua ya kwanza mwaka 1926. Hiyo inakataa maji na bado inaliwa udongoni. Ningependa sana kuiona Bukavu siku moja. Lakini inahitaji mitungi ya kuchachushia isiyoingiliwa na vijidudu vya kigeni, na umeme usiokatika. Tusiwadanganye vijana kwamba jikoni panatosha. Na sashe zinazoandikwa kuwa zinaoza kumbe ni polietilini iliyotiwa chumvi za chuma ili ipasuke vipande vidogo, hizo ni bora zisiingie kabisa. Zinapotea machoni na kubaki majini.

Makala, yaani makaa

Hesabu hii niliifanya nimechelewa. Lita moja ya uji wetu inatoa karatasi isiyofika gramu 100. Maji mengine yote lazima yaondoke. Jua likiwepo, yanaondoka bure. Jua lisipokuwepo, kijana alianza kuweka vioo juu ya mbabula usiku, bila kuniambia.

Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.3 hivi, mbali na joto la kuyachemsha. Kilo ya makala ina karibu megajuli 29, lakini mbabula inapoteza sehemu kubwa pembeni. Ukipata robo ya joto hilo umepata. Kwa hiyo kila lita inakula kama theluthi moja ya kilo ya makala au zaidi, ili tupate karatasi ya sashe chache. Na makala ya Bukavu yanatoka wapi? Mengine yanatoka kwenye miti ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1980. Tulikuwa tunachoma msitu ili tusitumie plastiki. Nilipomwonyesha kijana hesabu hiyo kwenye daftari alinyamaza, akaenda kuvitoa vioo mwenyewe.

Maganda yana mwenyewe

Kosa la pili lilibisha hodi mlangoni. Wiki ya tatu, jirani mmoja, mama mtu mzima mwenye mbuzi watano, alikuja kuuliza kwa upole kama amemkosea Mama Bunga. Miaka yote alikuwa akichukua maganda, anayaanika mpaka yakauke vizuri, anawapa mbuzi. Kwa malipo alikuwa akileta samadi kwa bustani ndogo ya Mama Bunga. Sasa maganda yalikuwa yamekatika bila neno.

Mimi nilikuwa nimeyaita taka. Kijana alikuwa ameyaita taka. Karibu kila andiko kuhusu plastiki ya mimea linaanza na neno hilo, taka za kilimo, kana kwamba zimelala zikingoja mtu mwenye akili aje. Vijijini kwetu ni vigumu kupata kitu cha shambani kisicho na kazi. Shina la mgomba uliokwisha zaa linakatwakatwa na kuachwa chini, linatunza unyevu na kuirudishia migomba potasi. Mabua ya mahindi yanaliwa na ng'ombe au yanakuwa kuni. Ukivichukua kwa ajili ya kiwanda chako umekopa kwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mama ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mama Bunga aliumia kuliko sisi sote. "Dada, nisamehe, hawa watoto wa shule walinifunika macho," alimwambia, na jioni hiyo gunia lilirudi kwa mbuzi. Tulikubaliana hivi: tukichukua maganda, tunatoa wanga tu, na makapi yaliyokamuliwa na kukaushwa yanakwenda kwa mbuzi. Kwa kuwa yameparuliwa na kuoshwa, sumu nyingi imekwisha toka, kwa hiyo mbuzi hawakupata hasara yote. Lakini wanga walioukosa ni chakula pia, hivyo tukaweka kikomo: gunia moja kwa wiki, basi.

Taka isiyo na mwenyewe tuliipata baadaye, na ilikuwa imetupwa mbele yetu wakati wote. Sokoni Kadutu mikungu ya ndizi inakatwakatwa kuuzwa vichana, na lile bua la katikati linabaki. Kila jioni yanalundikana karibu na mfereji, yamekatwa mbali na shamba lililoyazaa, na hakuna anayeyarudisha. Yamejaa nyuzi.

Swali la mama wa Kabare

Novemba, mkulima mmoja wa kabichi kutoka Kabare alikuja kununua unga. Ukutani palikuwa pameegemezwa vipande vinene vilivyotushinda, tulivyokuwa tumechanganya na nyuzi ili viwe na nguvu. Akakivunja kimoja, akakinusa. "Hiki ukikifukia, kinaoza?" Kijana akajibu kwa unyonge kwamba ndiyo, na ndiyo shida yenyewe. Yule mama akashangaa. Yeye anaoteshea miche kwenye sashe ndogo nyeusi. Siku ya kupandikiza anazichana kwa wembe, mizizi mingine inakatika, na vipande vinabaki shambani. Akilima anavikuta tena mwaka unaofuata.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka, na ni yeye aliyekigeuza. Kikombe cha mche kinaishi wiki chache tu, kinakaa mahali pamoja, na kikifika ardhini tunataka kioze. Muda kati ya kutumika na kuoza, ambao sokoni ulikuwa dakika kumi, kwenye kitalu ni wiki nne au tano. Wanga na nyuzi vinaweza kuishi humo.

Mabua ya mikungu tuliyakatakata na kuyaloweka kwenye pipa wiki mbili, bila moto. Yananuka, nakiri, pipa lilihamishiwa nyuma ya nyumba kwa amri ya Mama Bunga. Kisha tuliyatwanga kwenye kinu na kuyaosha. Selulosi ya nyuzi inafanana na wanga kikemia, ni pete zilezile za sukari, lakini zimeunganishwa kwa namna inayoifanya ikatae kuvimba. Wanga uliopikwa mzito unazishika kama gundi. Tulitumia sehemu moja ya wanga mkavu kwa sehemu tano za nyuzi kavu, bila gliserini kabisa, kwani kikombe hakihitaji kukunjika. Gliserini ndiyo iliyokuwa imetula pesa kuliko vitu vyote. Inaweza kupatikana kwenye maji yanayobaki kwa watengeneza sabuni ya mawese, lakini imejaa chumvi na magadi, na kuisafisha ni kazi nyingine.

Kalibu yetu ni kopo la nyanya na kopo dogo linaloingia ndani yake. Mchanganyiko ni mzito kama udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo maji ya kukausha ni machache. Siku tatu juu ya bati, hata katika vipindi vya jua vya msimu wa mvua, zilitosha.

Miche ya kwanza ya kabichi iligeuka njano. Vijidudu vilivyoanza kula kikombe vilihitaji nitrojeni, na nyuzi hazina ya kutosha, vikaichukua kwenye udongo wa mche. Dawa ilikuwa kuongeza samadi iliyoiva kwenye udongo huo, na samadi ilitoka kwa mama wa mbuzi, ambaye sasa analipwa. Awamu ya pili ilikuwa kijani. Wiki ya nne mizizi ilitokeza nje ya ukuta wa kikombe. Tuliipandikiza pamoja na vikombe vyake, na tulipofukua michache wiki sita baadaye tulikuta nyuzi chache tu, nyeusi, zinazokatika kwa vidole.

Kisha likaja jaribu ambalo naliheshimu kuliko mengine. Mwenye kitalu cha kahawa alisikia, akataka vikombe vingi sana. Tulikuwa tumejaribu miche michache ya kahawa pembeni: mwezi wa tatu kuta zilipasuka tulipoinua, na mche wa kahawa unakaa kitaluni miezi sita au zaidi. Kijana alitaka kukubali na kuongeza unene. Mama Bunga alikataa. "Mwanangu, sitamuuzia mtu kitu kitakachomfia mikononi." Tukamwambia ukweli mwenye kitalu, akaondoka.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini kote. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, ilianza na mifuko mwaka 2008, na anayevuka mpaka na sashe ananyang'anywa. Kwetu sashe nyeusi bado inatolewa kwa kila gobele. Vikombe vyetu haviondoi hata moja kati ya hizo, wala chupa zinazoziba bwawa. Vinaondoa sashe za kitalu, kwa wakulima wa kabichi na nyanya wanaokuja kwa Mama Bunga. Kwa sasa ndicho tunachoweza kudai.

Kwa mama wa sambaza tulirudi mikono mitupu, kwa sababu kijana aliona aibu kumkwepa. Alimweleza yote, mpaka habari ya bugali uliolala. Yule mama alicheka, kisha akasema wateja wake wengi wanakaa karibu na wangeweza kuja na bakuli. Sasa anayekuja na chombo chake anaongezewa matabishi ya kiganja kimoja cha sambaza. Sashe nyeusi bado anazo, chini ya meza, na anazitoa akiombwa.